Mpishi Hujipakulia Mwisho

Melini, 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Ukiona bahasha imelowa pembeni usidhani nimelia, ni boti la maji hilo. Linatuletea maji ya kunywa kila baada ya wiki mbili, na mwenye boti ni mtu mwema, anatubebea barua mpaka posta. Simu zilizimika siku jenereta ilipoishiwa mafuta. Tumerudi kwenye kalamu kama babu zetu.

Habari yenyewe ni hii: meli imezuiliwa. Mwenye meli ana kesi na watu wa hapa, yeye haonekani, na sisi kumi na mmoja tumeambiwa hakuna kushuka mpaka kesi iishe. Tumetia nanga mbali kidogo na bandari. Mji tunauona, hata nguo zilizoanikwa kwenye madirisha tunaziona, ila kufika hatufiki. Itaisha lini, hakuna anayejua. Wewe usihofu. Mimi ni mpishi, na mpishi hafi njaa.

Hofu yangu ni mwanangu Kijiko. Nilipoondoka alikuwa na miaka miwili na ushei, sasa anakaribia minne. Kasuku na miaka yake tisa hawezi kunisahau, yule atanijua hata kwa kikohozi. Lakini mdogo wake sura yangu imeshamtoka, usinifiche. Mama yao alifariki kabla hajamwona akitambaa. Na mimi nikimtoka kichwani, atabaki na nani?

Basi nimewaza hivi. Sura mtoto huisahau, ulimi wake hausahau. Kila Jumamosi wapeleke barabara ya ufukweni, kwenye vibanda nilivyojifunzia kazi, wale nilichokula mimi nilipokuwa kijana. Siku nikirudi nikampikia, atasema huyu mtu namjua. Anza na Mama wa Pweza, kibanda cha tatu kutoka lango la kivuko, sufuria yake nyeusi imebonyea ubavu mmoja. Mwambie ni watoto wa yule aliyekuwa akimwoshea vyombo. Kisha niandikie kila kitu: harufu, sauti, Kijiko alikunja uso namna gani.

Na tafadhali, Dada, usijaribu kuwapikia wewe. Cherehani unaiweza, hakuna mpinzani. Jiko tuachie wenyewe. Nataka nikirudi niwakute hai.

Mdogo wako,
Mpishi


Nyumbani, 23 Februari

Mdogo wangu,

Matusi yako yamefika salama, na mimi na maharage yangu ya kuungua tunakusalimu.

Jumamosi tulikwenda. Kijiko nilimvalisha shati nililomshonea kwa mabaki ya sare za shule, amekuwa kama mwanafunzi wa shule tatu tofauti. Kasuku alitangulia mbele kama mwenye mji. Moshi mwingi, upepo wa bahari unaupeleka huku na huku, macho yanawasha lakini hakuna anayetaka kuondoka.

Mama wa Pweza amezeeka, ila mdomo bado wembe. Nilipomwambia hawa ni watoto wa nani, aliwaangalia akasema, "Yule aliyenivunjia mabakuli sita? Kaeni hapa karibu niwaone mikono." Akachukua sufuria yake, akaongeza maji mbele ya macho yetu, akakoroga, akakoroga, mpaka mvuke ukatufunika wote. Kasuku akauliza pweza mwenye miguu minane anavaa nini. Nikamwambia namshukuru Mungu si mteja wangu, suruali moja ingemaliza gora zima la kitambaa.

Kijiko alikunja uso akawa kama kizee. Akatafuna, akatafuna, akasema, "Shangazi, kinanivuta ulimi." Akamaliza vipande vitatu. Na kijiko chake mkononi, kama kawaida, hata kwa kitu kinacholiwa kwa vidole.

Usiwe na wasiwasi. Jumamosi zako ziko mikononi mwangu.

Dada yako,
Fundi


Melini, 12 Machi

Dada,

Barua yako niliisoma mezani, nimesimama, wenzangu wametulia kama watoto wa shule siku ya matokeo. Nilipomaliza, fundi mitambo, mtu mzima mwenye wajukuu, aliinua mkono. "Mpishi, rudia hapo kwenye pweza." Nikarudia. Nahodha naye akataka ile ya moshi. Mwishowe nimeisoma mara nne, na wameipangia zamu ya kukaa nayo chumbani.

Sisi hatujambo. Nakula mpaka nabakiza. Ila ile suruali uliyonishonea umekosea vipimo, inataka kamba. Fundi mzima!

Sasa wapeleke kwa Mzee wa Mkate, nyuma ya ngazi za soko la samaki, halafu kwa yule anayechoma samaki kwenye makaa, pembeni yake. Nieleze mkate ukikatwa unasema nini. Nieleze mafuta ya samaki yanapodondokea makaa yanalia vipi. Usiogope kurefusha, muda wa kusoma huku tunao.

Kijiko amenitaja?

Mpishi


Nyumbani, 30 Machi

Mdogo wangu,

Tulimkuta mzee anafungua mlango wa tanuri, joto likatusukuma nyuma hatua mbili. Mkate ulitoka umepasuka juu, na alipoukata ulitoa sauti kama mtu anayekanyaga majani makavu. Ndani laini, mvuke unatoka. Kijiko alikula ganda kwanza, nyama ya mkate akamwachia dada yake. Kasuku akasema, "Huyu akioa ataacha mke ale mifupa," watu wakacheka mpaka mzee akatupa kipande cha bure.

Samaki alikuwa mnene, ngozi imebabuka, ndimu juu yake. Mafuta yalipodondoka makaa yalisema "chaaa", moto ukaruka, Kijiko akajificha nyuma ya gauni langu. Kisha akala macho ya samaki. Macho, ndugu yangu! Yote mawili.

Ndiyo, amekutaja. Alipokuwa anakula alisema, "Baba alikula hiki?" Nikamwambia hiki hiki.

Sasa na mimi nikuulize. Mpishi wa miaka yote hiyo anamuuliza mshona nguo mafuta yanalia vipi? Mnakula kweli huko?

Fundi

Baba, ni mimi Kasuku. Mimi nilikula mikate minne. Shangazi amesema niandike miwili.


Nyumbani, 21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hii barua Shangazi haijui. Amenipa bahasha nikaibandike stempu posta, nimeiingiza na yangu.

Mwalimu wa dini amesema ukidanganya sana unazoea, na mimi naona nimeanza kuzoea. Baba, hakuna vibanda. Jumamosi ya kwanza tulienda kweli, tulivaa viatu. Barabara yote imezungushiwa mabati ya bluu kwa sababu bandari inapanuliwa. Mlinzi alisema vibanda vilivunjwa mwaka jana, mama rudisha watoto nyumbani. Kijiko alichungulia kwenye tundu la bati akasema ameona shimo. Shangazi alikaa kando ya barabara akalia, akajifuta na mkoba. Tukarudi tukala wali na maharage.

Alianza kukuandikia ukweli, akachana. Akasema mtu amefungiwa baharini, ameomba kitu kimoja tu, nitamwandikiaje kwamba hata hicho hakipo. Kwa hiyo kila Jumamosi tunakaa kwenye meza ya cherehani tunatunga. Shangazi anatunga maneno ya watu. Mimi natunga harufu. Kijiko kazi yake ni kukunja uso, tunaandika alivyokunja.

Lakini sasa amegoma. Amesema hataki kukunja uso kwa ajili ya mtu wa bahasha. Nikamwambia yule ni baba. Akasema baba ni yule anayeleta nyuzi. Ni mjomba mmoja anamletea Shangazi nyuzi na vifungo, akifika anambeba Kijiko mabegani. Kijiko anamwita baba. Shangazi akimsikia anawasha cherehani ipige kelele.

Usimwambie nimesema. Na ile ya "Baba alikula hiki" niliitunga mimi. Rudi.

Mwanao,
Kasuku


Melini, 8 Mei

Kasuku wangu,

Marahaba, mama. Shangazi akikukuta na karatasi hii mpe aisome, sina hasira naye hata ya kujaza kisoda. Angekuwa hanipendi asingejisumbua kutunga.

Nilijua tangu barua ya kwanza. Mama wa Pweza hatii maji. Pweza ana maji yake mwenyewe, ukimweka sufuriani mkavu anayatoa, na humo humo anaiva. Nilimwoshea vyombo yule mama miaka mitatu. Siku moja nilimwongezea nusu kikombe nikidhani namsaidia, akanifukuza wiki nzima. Sasa Shangazi ananiambia "akaongeza maji mbele ya macho yetu"! Na Mzee wa Mkate tanuri lake halijawahi kuwa na mlango, anaziba kwa bati la debe. Nilijua hamkufika. Sikujua kwa nini, nikaogopa kuuliza. Mbele ya wenzangu niliisoma barua kwa sauti kubwa, pale penye maji nikaparuka.

Sasa sikiliza, nakupa kazi. Mwende soko la samaki, mchague pweza mdogo, macho yake yawe angavu. Muuzaji ampigepige vizuri. Mwosheni, sufuria kavu, moto mdogo, mfuniko. Maji HAPANA. Shangazi akisogea na kikombe mshike mkono. Chumvi baadaye, akishalainika. Kijiko mpe kipande cha mguu, upande wa ncha, na usimwambie akunje uso. Mwambie tu: hivi ndivyo baba anavyopika.

Asiponiita baba usimlazimishe. Na yule mjomba wa nyuzi msimnunie. Anambeba mtoto wangu, mimi simbebi.

Usinitungie tena, Kasuku. Niandikie hata kama ni maharage.

Samahani mwandiko umepinda, meli inayumba sana leo.

Baba


Nyumbani, 27 Mei

Mdogo wangu,

Kasuku alinipa karatasi nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze. Nimeona aibu, kisha nimecheka, kisha nimelia, na sketi ya mtu nimeishona nje ndani. Nisamehe. Nilidhani nakupa kitu.

Jumamosi hii sikutunga neno. Tulikwenda sokoni asubuhi, tukabishana na muuza pweza mpaka akatuuliza kama sisi ni wakaguzi. Nyumbani nilimweka kwenye sufuria kavu. Kukaa kidogo nikasema huyu anaungua, nikachukua kikombe. Kasuku akanipiga mkono kama mimi ndiye mtoto. Tukafunika tukasubiri. Tulipofunua, sufuria ilikuwa na maji, mekundu mekundu, yametoka mwenyewe. Sote watatu tuliinamia kutazama. Miaka arobaini na mbili duniani sikuwa najua.

Hakuungua. Nimepika kitu, hakikuungua!

Kijiko alipewa ncha ya mguu. Kasuku akasema kama ulivyomwagiza: hivi ndivyo baba anavyopika. Hakukunja uso. Alitafuna, akalamba kijiko mbele na nyuma, akatuangalia. Akasema, "Baba anajua kupika. Mwambieni aje apike mwenyewe."

Naapa kwa kaburi la mama yetu, hili si la kutunga. Jumatatu mtu wa nyuzi alikuja, akamnyanyua. Kijiko akiwa kule juu mabegani akamwambia, "Mjomba, baba yangu anapika pweza bila maji."

Umesikia? Baba yangu. Hesabu yako ilikuwa sawa, mdogo wangu. Sasa njoo. Njoo hata bila sanduku, njoo na hiyo suruali ya kamba, nitaipunguza.

Dada yako,
Fundi


Melini, 16 Juni

Dada yetu,

Hatujuani. Mimi ni fundi mitambo, yule mzee aliyeomba pweza arudiwe. Nahodha alipaswa kuandika, ameshindwa mara tatu, kazi imeniangukia mimi.

Mdogo wako amefariki tarehe 25 Mei, saa nne asubuhi. Ilikuwa homa ya siku nne. Tulipunga mashuka mpaka mikono ikafa ganzi, boti likatuona siku ya nne hiyo hiyo, likafika mchana. Barua yako ya furaha uliiandika akiwa ameshaondoka.

Nadhani alikuambia tunakula vizuri. Tangu Machi tulikuwa na mchele wa kupima kwa kikombe na samaki wa ndoana wakikubali. Mpishi hujipakulia mwisho, ndiyo desturi ya jikoni kote duniani. Yeye alikuwa akitupakulia sisi kumi, tunakaa mezani, yeye anabaki jikoni. Tunasikia upawa unakwangua sufuria, kwa muda mrefu, tunasema Mpishi naye anakula.

Alipolala na homa niliingia jikoni mimi. Nikapika kipimo chake kile kile, nikapakua kama alivyokuwa akipakua. Baada ya sahani ya kumi sufuria ilikuwa tupu. Kesho yake nikapima tena kwa uangalifu, ikawa vile vile. Dada, ule mchele haukuwahi kutosha watu kumi na mmoja. Alikuwa anakwangua sufuria tupu ili tule bila kumwangalia. Miezi miwili na nusu, nadhani aliishi kwa vichwa vya samaki tu. Mimi ni fundi, kazi yangu ni kusikia chuma kikilia vibaya, na sikusikia.

Bahari tangu Aprili ilikuwa shwari. Nalisema hili kwa sababu aliniambia amewaandikia kwamba mwandiko umepinda kwa kuwa meli inayumba.

Mwili wake upo chumba cha baridi cha bandari. Wanasema hauwezi kusafirishwa mpaka kesi ya meli iishe. Nimeuliza kesi na maiti vinahusiana nini, wakaniambia ningoje.

Barua yako ilifika tarehe 12. Tulikaa mezani kama kawaida, nikaisoma kwa sauti. Nilipofika pale mtoto aliposema "mwambieni aje apike mwenyewe" nilimpa nahodha karatasi, akamalizia. Zile za mwanzo tunajua zilikuwa za kutunga. Katika homa yake alikuwa akicheka peke yake akisema, "Maji, Dada, jamani, maji!" mpaka tukamletea kikombe, akakikataa, ndipo akatusimulia.

Tunaona haya kuomba, lakini hatuna kingine cha kungojea kwenye boti zaidi ya maji. Tafadhali endelea kutuandikia Jumamosi. Za kweli au za kutunga, kwetu ni sawa.

Fundi mitambo, kwa niaba ya watu kumi


Nyumbani, 5 Julai

Kwenu ndugu zangu kumi,

Nimewasikia. Nitaandika.

Kasuku nimemwambia. Tangu Jumanne hajasema neno, yeye ambaye majirani walikuwa wananiomba nimzime. Anakuja kukaa chini ya meza ya cherehani, karibu na miguu yangu, anaokota vipande vya vitambaa anavipanga kwa rangi. Sijui la kumfanya.

Kijiko sijamwambia. Nimejaribu. Nilikuwa na neno mdomoni Jumamosi, akanitangulia: "Leo tunapika cha baba?" Ndugu zangu, mtoto huyu ameanza kuwa na baba wiki tano tu.

Basi tulikwenda sokoni. Pweza alikuwa mdogo, mwenye macho angavu. Sufuria kavu, mfuniko, maji yake yakatoka mwenyewe kama mlivyosimuliwa. Harufu ilijaa chumba kizima mpaka kwenye magora ya vitambaa. Sare za shule za mwaka huu zitanukia pweza. Kasuku hakula. Mimi nilikula kidogo. Kijiko alikula ncha, kisha akasimama juu ya kiti, akachukua sahani ya nne kabatini, akaweka vipande vitatu, akavipanga vizuri na kijiko chake.

Akasema, "Hii ya baba. Akija usiku akute."

Nikaifunika kwa sahani nyingine, nikaiweka dirishani alipoonyesha.

Jumapili asubuhi niliamka kabla yake. Nilivila vile vipande vitatu nimesimama dirishani, baridi, vimekauka, nikatafuna taratibu ili nisimwamshe. Nikaiosha sahani nikairudisha pale pale. Alipoamka alikimbia moja kwa moja dirishani, akafunua, akaniita kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta.

"Shangazi, njoo uone! Baba amekula!"

Nikamwambia, "Ndiyo, amekula. Amemaliza vyote."

Dada yenu,
Fundi